Spika Zilizokula Kiapo

Hapo juzijuzi, si zamani wala si kale, Mkuu Asiyechoka alirudi kutoka ziara ya nchi jirani akiwa amenuna. Hakula. Hakuhutubia. Jumanne nzima taifa lilishinda bila hotuba hata moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tupate uhuru, na watu wengine walidhani ni sikukuu.

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kuliandika kunahitaji kibali cha wizara tatu, na kibali changu bado kimelala wizara ya pili. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu", na msomaji ataielewa. Asipoielewa, ana bahati.

Siku ya tatu sababu ya kununa ikajulikana. Rais wa nchi jirani alikuwa na sinema nyumbani kwake. Si televisheni. Sinema: skrini ya ukuta mzima, projekta inayoning'inia darini, na spika mbele na nyuma, kiasi kwamba ndege ikipita kwenye picha, mtazamaji anainamisha kichwa. Mkuu wetu aliinamisha kichwa. Aliinamisha mbele ya rais mwenye watu nusu ya wetu.

"Nataka kama ile," aliliambia Baraza la Mawaziri. "Lakini mimi sitatazama ndege. Nitatazama hotuba zangu. Nataka nikae kwenye kiti changu nijisikie niko katikati ya wananchi, bila wananchi wenyewe."

Baraza lilipiga makofi dakika kumi na moja. Najua kwa sababu nilikuwa kazini. Mimi ni Mpiga Makofi wa Serikali, Daraja la Tatu. Kwa faida ya wageni nieleze: kanuni inasema mahali popote kilipo kiti cha Mkuu, yeye awepo asiwepo, pawe na wapiga makofi wasiopungua wanane, wakipokezana usiku na mchana, ili kiti kisije kikajisikia mpweke. Ni kazi ya heshima. Viganja vyangu ni vigumu kama kandambili, na mama yangu anavionyesha kwa wageni.

Iliundwa Kamati ya Kitaifa ya Sinema ya Nyumbani, mwenyekiti wake akiwa Dokta Philemoni Shungu, Waziri wa Makofi na Vigelegele. Kamati ilimteua fundi Hilali Mwachiro bila kushindanisha mtu, kwa sababu ndiye aliyefunga muziki katika ukumbi alikoolewa binti wa Dokta Shungu, na inasemekana siku ile hata wafu wa makaburi ya jirani walijua bibi harusi anaitwa nani.

Hilali alikuwa mtu mpole wa mtaa wa Kisimani, mtaa ambao hauna kisima. Aliweza kugonga ukuta kwa kidole akakwambia nyaya zimepita wapi. Hakuoa, aliishi na mama yake, Bi Mashavu, mwanamke ambaye akiita kuku wake, kuku wa mtaa wa pili nao wanakuja.

*

Tatizo la kwanza lilitokea kabla hata msumari haujapigwa. Kanali Mbaruku, Mkuu wa Usalama, alitazama mchoro wa Hilali na kuweka kidole juu ya viduara viwili.

"Hivi nini?"

"Spika za nyuma, afande. Zinakaa nyuma ya kiti."

"Kiti cha nani?"

"Cha Mkuu."

"Na huko nyuma ya Mkuu zitakuwa zinafanya nini?"

"Zinatoa sauti."

Kanali akavua miwani. "Kijana, watu waliowahi kutoa sauti nyuma ya Mkuu, sasa wako wapi?"

"Sijui, afande."

"Vizuri. Hakuna anayejua. Ndiyo kazi yangu."

Kamati ilikaa siku tisa juu ya suala la spika za nyuma. Mjumbe mmoja alipendekeza zifungwe mbele lakini ziitwe za nyuma. Mwingine akapendekeza Mkuu akae kinyumenyume. Mwisho wake Dokta Shungu akapata ufumbuzi: spika zote ziapishwe, kama majaji wanavyoapishwa.

Jaji Mkuu akaja na joho lake. Spika tano na boksi moja la besi zikapangwa juu ya zulia, waya wa kila moja ukiwa umelazwa juu ya Katiba. Jaji akasoma: "Unaapa kusema kweli, kweli tupu, na kutosema lolote ila kweli?" Umeme ulikuwa haujawashwa, hivyo spika zilikaa kimya, na ukimya ukahesabiwa kuwa ndiyo, kama tunavyohesabu kwenye uchaguzi. Tangu saa ile, kisheria, spika zile haziwezi kusema uongo. Mtu akidai zimekosea, ni yeye aliyekosea.

Tulipiga makofi. Boksi la besi lilipewa cheo cha ukatibu.

*

Baada ya wiki tatu Hilali alimaliza kufunga. Skrini ilishuka yenyewe ukibonyeza rimoti, mapazia yakajifunga, na amplifaya ikawaka taa za buluu kama harusi ya mjini. Ikabaki kazi moja. Hilali aliweka kipaza sauti kidogo juu ya kigoda, karibu na kiti cha Mkuu, kisha akamwendea Waziri akiwa amekunja mikono kifuani kwa adabu.

"Mheshimiwa, naomba dakika tatu za ukimya."

"Za nini?"

"Mashine inatakiwa isikilize chumba. Inajifunza kelele za humu ndani, mlio wa kiyoyozi, mlio wa friji, halafu inazichuja zisisikike wakati wa picha. Lakini wale ndugu," akatunyooshea kidole sisi wanane, "wanapiga makofi."

"Bila shaka wanapiga makofi. Kiti si hicho hapo?"

"Watoke kidogo tu."

"Watoke!" Dokta Shungu alicheka mpaka akapaliwa. "Fundi, kiti hiki hakijakaa kimya tangu uhuru. Siku ya mazishi ya baba yake Mkuu tulipiga makofi. Siku Mkuu alipong'olewa jino tulipiga makofi. Leo tuache kwa ajili ya friji?"

"Basi kiti ndicho kitolewe nje dakika tatu."

"Kuhamisha kiti kunahitaji muswada bungeni, usomwe mara tatu."

Hilali alitutazama. Mimi nilimtazama kwa huruma, lakini mikono ni ya serikali. Tena kwa kuwa Waziri alikuwa anaangalia, tulikoleza. Hilali akashusha pumzi, akabonyeza kitufe, na mashine ikasikiliza chumba kwa dakika tatu huku tukipiga makofi kwa moyo wote. Kioo cha mashine kikaandika kwamba kelele za chumba zimetambuliwa na zitaondolewa.

Hakuna aliyetambua tulichofanya. Hata Hilali, nadhani, alikuwa amechoka.

*

Uzinduzi ulifanyika Ijumaa saa tisa alasiri. Malenga wa Ikulu alifungua kwa ubeti huu:

*Sinema imewasili, Ikulu yapata cheo,*
*Sauti yake ni kali, imefikia upeo,*
*Tumefika sasa mbali, hayo ni maendeleo,*
*Maji tutayajadili siku nyingine, si leo.*

Kanali alimwita pembeni kuhusu mstari wa mwisho. Malenga alijitetea kwamba si yeye, ni vina vilivyolazimisha. Kanali aliandika kwenye daftari lake jina "Vina" akaweka alama ya kuuliza.

Mkuu akaketi. Kushoto kwake aliketi Mama wa Taifa, mkewe, na bakuli la karanga mapajani. Mama wa Taifa ni mwanamke wa maneno machache; watu wanasema aliyatumia yote mwaka wa kwanza wa ndoa. Mawaziri wakaketi kwenye mito, Hilali akasimama nyuma penye mashine, sisi tukajipanga ukutani, mikono imetulia kwa amri ya Mkuu mwenyewe, aliyetaka kusikia makofi ya umati wake tu.

Ilichaguliwa hotuba ya Siku ya Uhuru iliyopita. Mkuu akatokea ukutani, mrefu kuliko mlango. "Ndugu wananchi!" akanguruma, na kishindo cha besi kikatingisha karanga. Kisha akanyamaza kupisha makofi, kama afanyavyo siku zote.

Makofi hayakuja.

Kwenye picha watu elfu arobaini walikuwa wanagonganisha mikono, lakini kimya, kama wanaoua mbu. Mashine ilikuwa imefundishwa kwamba makofi ni kelele za nyumba, sawa na friji, na ilikuwa imeyachuja yote. Na pale makofi yalipokuwa yanalala siku zote, chini yake, pakatoka vitu vingine. Spika moja ilikohoa. Spika nyingine ikalia kama kitoto kichanga. Halafu ikasikika sauti ya mwanamume, safi kabisa, kama amesimama kwenye zulia:

"Kofia wanagawa saa ngapi?"

Na mwingine: "Mimi nimeletwa na lori tangu alfajiri. Wameniahidi soda. Wakinipa ya moto naondoka nayo hivyo hivyo."

Ukutani Mkuu aliendelea, maana hotuba haina breki. "Ndugu wananchi, nawaahidi! Mwakani, kila nyumba katika nchi hii itakuwa na maji!"

Elfu arobaini wakaua mbu. Na kutoka spika ya nyuma, upande wa kushoto, sentimita chache kutoka sikio la Mkuu Asiyechoka, sauti ya mwanamke ikapasua chumba:

"Mwongo huyu! Hiyo mwakani yake inapita njia gani hata haifiki?"

Kikafuata kicheko cha watu kama ishirini.

Hapa lazima nikiri kosa. Mpiga makofi hasikilizi maneno, anasikiliza kituo. Yule mama alitua vizuri sana mwisho wa sentensi, na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikapiga makofi mawili kabla sijajizuia. Yalisikika. Nikajifanya naua mbu.

"Rudisha," alisema Mkuu.

Hilali akarudisha. Akaambiwa arudishe tena. Mara nne yule mwanamke alimwita Mkuu mwongo ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kila mara kwa sauti nzuri zaidi, maana vifaa vilikuwa vya hali ya juu.

"Ni nani huyu?" Mkuu hakupaza sauti. Tulitamani apaze.

"Fundi!" Kanali aliita. "Sauti imetokea wapi?"

Hilali alikuwa ameshika bisibisi. "Afande, siku ya sherehe televisheni ya taifa iliweka vipaza sauti sehemu tano za uwanja. Kila spika inatoa sauti ya sehemu yake. Mbele kulia ni jukwaa kuu. Nyuma kushoto..." Akaielekeza bisibisi upande huo. "Nyuma kushoto ni majanini, walikosimama watu wa Kisimani."

"Majina ya waliosimama pale tunayo," alisema Kanali kwa furaha. "Wanawake mia mbili na kumi na wawili. Mkuu, kesho saa nne asubuhi spika itasikilizwa rasmi mbele yako ili ushahidi uthibitishwe. Mchana malori yatawaleta wote mia mbili na kumi na wawili. Kila mmoja ataisema sentensi ile kwenye kipaza sauti. Sauti ikifanana, mwenyewe anakwenda Kambi ya Kujifunza Shukrani."

Msomaji wa nchi nyingine hajui Kambi ya Kujifunza Shukrani. Watu wanaingia wakiwa na malalamiko na wanatoka wakishukuru kwa kila kitu, hata kwa kukanyagwa. Wengine wanashukuru sana hata hawatoki.

*

Usiku ule nilimkuta Hilali kwenye chumba kidogo cha mitambo nyuma ya skrini, amekaa juu ya kreti, kichwa mikononi.

"Vipi, fundi? Kazi imekwenda vizuri. Sauti imetoka safi."

"Yule ni mama yangu."

Nikafunga mlango. "Una uhakika?"

"Ndugu yangu, sauti ile imeniamsha kwenda shule miaka saba. Ungeniwekea kwenye redio mbovu ndani ya pipa ningeijua. Kesho akifungua mdomo tu, amekwisha."

"Asifungue. Ajifanye bubu."

Hilali alinitazama kama mtu aliyeambiwa bahari ijifanye barabara. "Mama yangu? Jana nimemwambia anyamaze, jirani anasikia. Kanijibu, 'Kama anasikia si aitikie?'"

Mimi ni raia mwema. Wajibu wangu ulikuwa kumripoti, tena kuna fomu maalumu ya kuripoti jamaa wa fundi. Lakini fomu zilikuwa zimekwisha. Na hata kama zingekuwepo, kulikuwa na swali moja katika ukurasa wa pili: *Je, wewe mwenyewe ulifanya nini uliposikia uchochezi huo?* Nilifikiria makofi yangu mawili.

"Hakuna namna ya kuifuta?" nikamuuliza.

"Mkanda wenyewe amechukua Kanali, amelala nao chini ya mto. Hapa nina nyaya tu." Aliposema neno nyaya alisimama. Akageukia nyuma ya amplifaya, penye nyaya tano zinazoingia kwenye matundu matano, nyekundu na nyeusi. "Kila waya unaenda kwenye spika yake," alisema polepole. "Na kila spika ina sehemu yake ya uwanja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mama yangu anaweza kuhama majanini." Akashika waya wa nyuma kushoto kwa mkono mmoja, na waya wa mbele kulia kwa mwingine. "Wewe piga makofi. Mlinzi asisikie ninavyochomoa."

Nikapiga. Nilipiga kama siku ile ya jino.

*

Kesho yake saa nne asubuhi walikuwepo wote, na Jaji Mkuu na joho lake. Mkuu hakuwa amelala vizuri. Mama wa Taifa alikuwa na karanga mpya.

Picha ikaanza. Mkuu ukutani akaahidi maji. Umati ukaua mbu. Na kutoka spika ya mbele, upande wa kulia, chini tu ya bendera, ikatoka: "Mwongo huyu! Hiyo mwakani yake inapita njia gani hata haifiki?"

Kanali alisimama. Akageuka nyuma, akageuka mbele. "Jana ilitokea nyuma."

"Jana spika zilikuwa mpya, afande," alisema Hilali. "Zilikuwa hazijazoea chumba. Leo zimetulia."

"Wewe unacheza na mimi? Hizi spika zimekosea!"

Jaji Mkuu akakohoa. "Kanali, angalia maneno yako. Spika zimekula kiapo mbele yangu. Haziwezi kukosea. Anayesema zimekosea anaidharau mahakama."

Kanali akafunga mdomo, jambo ambalo lilimpa shida kubwa.

"Mbele kulia ni wapi?" aliuliza Mkuu.

Hakuna aliyetaka kujibu, kwa hiyo alijibu Malenga, ambaye hakuwepo jukwaani siku ile. "Mbele kulia ni jukwaa kuu, Mkuu. Upande wa viongozi."

Picha ya jukwaa ikaletwa. Upande wa kulia walikuwa wameketi watu kumi na wanne. Mkuu aliwahesabu kwa kidole na kila kidole kilipotua, mtu mmoja chumbani alikuwa anapungua uzito. Dokta Shungu akapiga magoti.

"Mkuu, sauti yangu mimi ni nene! Sauti ya mwanamume!"

"Tutajuaje? Mtu anaweza kuibana sauti."

"Nijaribu!" Akakimbilia kipaza sauti, akainua uso wake kwa Mkuu, na kwa sauti yake nene ya kiserikali, akimtazama machoni, akasema: "Mwongo huyu! Hiyo mwakani yake inapita njia gani hata haifiki?"

Mkuu akasikiliza kichwa kikiwa upande. "Si yeye. Anayefuata."

Wakaja mmoja mmoja. Waziri wa Fedha akaisema kwa haraka kama anayesoma bajeti. Mkuu wa Majeshi akaisema akiwa amepiga saluti. Waziri wa Maji akaisema kwa uchungu mkubwa kuliko wote, akarudia bila kuombwa, na ikabidi avutwe mkono. Kanali Mbaruku alikuwa wa kumi na tatu. Alisimama mkakamavu, akamwita Mkuu wa Nchi mwongo kwa sauti ya gwaride, akageuka nyuma, akarudi mahali pake. Kwa dakika ishirini Serikali nzima ilimwambia Mkuu usoni jambo ambalo Kisimani walilisema mara moja tu, tena kwa mbali. Na mimi niliona kitu cha ajabu: waliporudi kwenye mito yao, walikaa vizuri zaidi. Kama watu waliovua viatu vinavyobana.

Mkuu akatazama tena picha. Kidole kikatua juu ya mtu wa kumi na nne, mwenye kilemba cha manjano. Alikuwa mwanamke pekee upande ule.

Hatukutazamana. Nikaona Hilali amefumba macho. Alikuwa ameitoa sauti ya mama yake kutoka majanini bila kufikiria ataiweka kinywani mwa nani.

Mama wa Taifa akatafuna karanga aliyokuwa nayo mdomoni, akameza, akajifuta vidole kwa leso.

"Nilisema mimi," alisema.

"Wewe?" Mkuu alinong'ona.

"Mimi. Kwani umeshangaa nini? Hukusikia kwa sababu hawa," akatuonyesha sisi kwa kidevu, "walikuwa wanapiga makofi."

"Umeniita mwongo, mbele ya watu elfu arobaini?"

"Mwaka wa kwanza uliniambia utahutubia miezi mitatu tu, halafu turudi kwetu tukafuge mbuzi. Nina miaka thelathini na moja namngoja mbuzi." Akachukua karanga nyingine. "Haya, nipeleke hiyo kambi yako. Labda huko wanafuga."

Hapo ndipo sheria ilipoingia kazini. Jaji Mkuu alieleza kwamba mtu wa Familia ya Kwanza hawezi kutenda kosa. Zaidi ya hapo, neno lolote la mtu wa Familia ya Kwanza lililotamkwa hadharani ni mwongozo wa taifa na lazima litangazwe katika Gazeti la Serikali. Sheria hiyo aliipitisha Mkuu mwenyewe, mwaka ambao mjukuu wake wa miaka miwili alisema "sitaki uji" na viwanda vitatu vya unga vikafungwa.

"Ifutwe," alisema Mkuu.

"Kufuta ni muswada, Mkuu. Unasomwa mara tatu. Na kabla haujafutwa, mwongozo unaanza kutumika Jumatatu."

Malori yaliyokwenda Kisimani yaliitwa yarudi. Mama wa Taifa alipokuwa anatoka alipita karibu na mitambo, akasimama kama anayeshangaa taa za buluu.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "mimi najua nilipokaa siku ile na najua sikufungua mdomo. Mwenye sauti hii mpe salamu. Sentensi hiyo nimeitafuta miaka thelathini na moja."

*

Jumatatu asubuhi mwongozo mpya ulianza kusomwa katika shule zote baada ya wimbo wa taifa. Wapiga makofi tulitawanywa mitaani kusimamia utekelezaji, na mimi nikapangiwa Shule ya Msingi Kisimani, inayopakana na nyumba ya kina Hilali. Yeye mwenyewe alikuwa nje amesimama karibu na ua, amevaa shati la siku ya uzinduzi. Mama yake alikuwa pembeni yake na ndoo tupu.

Watoto mia tatu walisimama mistarini. Mwalimu mkuu, mtu mwembamba mwenye tai, akapunga fimbo, nao wakaimba kwa ile sauti ya kuvuta inayotumika kwa majedwali ya hesabu: "Mwo-ngo huuu-yu. Hi-yo mwa-ka-ni ya-keee..."

"Si hivyo!" Bi Mashavu alipiga kelele. Kuku wawili wakaja.

"Mama," Hilali alimshika mkono, "nakuomba. Twende ndani."

"Niache, wewe. Mwalimu! Unawafundisha watoto ujinga. Haiimbwi kama wimbo wa kwaya! Inasemwa!"

Mwalimu mkuu akakaribia ua. Aliniona mimi na sare yangu, akarekebisha tai yake, na kwa sauti ya mtu anayetaka isikike kwamba yeye hahusiki, akauliza: "Mama, huu ni mwongozo wa Mama wa Taifa. Wewe umejuaje unavyotakiwa kusemwa?"

Niliona mkono wa Hilali ukikaza kwenye mkono wa mama yake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiomba hivyo. Jibu moja tu, ambalo mwanamke yule alikuwa nalo mdomoni kabisa, na kazi yote ya nyaya ingekuwa bure.

Bi Mashavu alimtazama mwanawe. Akamtazama mwalimu, tai yake, kola yake iliyofuliwa kwa maji ya chumvi mpaka ikawa ngumu kama kadibodi.

"Mwalimu," alisema, na mara hii alishusha sauti, "hapa Kisimani nani hajui kuisema?"

Mwalimu mkuu alitazama mistari ya watoto. Alitazama bomba la shule, ambalo limepakwa rangi kila Siku ya Uhuru tangu lilipowekwa na halijatoa tone. Kisha akawageukia wanafunzi wake, akashusha fimbo, na akaisema. Hakuimba. Aliisema sentensi yote kuanzia mwanzo hadi swali lake, kwa sauti ya mtu aliyechota maji kilomita nne kabla ya kuja kazini.

Watoto mia tatu wakairudia vile vile.

Bi Mashavu akasikiliza mpaka mwisho, na hakuwasahihisha tena. Akajitwika ndoo, akashika njia ya kwenda kutafuta maji.